Kusoma Datashiti ya Maikrokontrola ya Gari: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Datashiti, waraka wa mtengenezaji unaoeleza chipu, ya maikrokontrola ya gari, yaani kompyuta ndogo iliyo ndani ya chipu moja, huwa na kurasa mia na zaidi, na kitabu chake cha marejeo, kile kinachoeleza rejista (visanduku vya ndani vinavyoiongoza chipu) moja baada ya nyingine, mara nyingi huvuka elfu moja. Hakuna anayevisoma vyote kutoka jalada hadi jalada. Mjuzi wa kazi hii hufungua kurasa chache kwa mpangilio wake, na kwa kurasa hizo anajua kama chipu inamfaa au la. Mwongozo huu unaonyesha kurasa hizo ni zipi, na unaeleza maneno ya saketi utakayokutana nayo njiani.

Jambo moja lishike tangu sasa: namba iliyo kwenye datashiti haina maana bila sharti lake. Ukiambiwa chipu inakimbia megahezi 112, uliza kwa joto gani. Ukiambiwa ikilala inakula mikroampea 30, uliza kwa volteji gani na joto gani. Ukurasa wa kwanza wa datashiti ni tangazo la biashara. Majedwali ya ndani ndiyo ahadi ya mtengenezaji. Kila namba inayokuvutia pale mbele, itafute tena ndani, kisha soma safu ya masharti iliyo kando yake.

Ili tusielee hewani, tuchukue bodi moja ndogo tuifuate hadi mwisho. Inapima volteji ya betri ya gari, inawasha feni ya rejeta kupitia relei, yaani swichi inayovutwa na koili, na inazungumza na vifaa vingine vya gari kwa CAN, njia ya mawasiliano ya waya mbili.

Maneno ya saketi usiyoweza kuyakwepa

Volteji ni tofauti ya msukumo wa umeme kati ya nukta mbili. Hayo maneno "nukta mbili" ndiyo yanayosahaulika. Hakuna volti 5 zinazosimama peke yake. Ni volti 5 juu ya kitu fulani, na kitu hicho kwa kawaida ni graundi. Kwenye gari, graundi ni chesisi pamoja na ncha hasi ya betri, lakini usidhani graundi ya hapa ni sawasawa na ya kule. Waya wa graundi wenye ukinzani wa omu 0.05 ukipitisha ampea 20 za feni, tayari kuna volti 1 kati ya ncha zake mbili. Sensa iliyofungwa graundi upande mmoja na kusomwa kutoka upande wa pili itadanganya kwa volti hiyo nzima.

Mkondo ni umeme unaopita, hupimwa kwa ampea. Ukinzani ni ugumu wa njia, hupimwa kwa omu. Uhusiano wa vitu hivi vitatu ni kanuni ya Ohm: volteji ni mkondo mara ukinzani. Mfano wa taa ndogo ya LED: pini inatoa volti 5, taa yenyewe inashika volti 2, zinabaki 3. Ukitaka miliampea 10, gawa 3 kwa 0.01, unapata omu 300. Rezista ya karibu inayopatikana kirahisi ni ya omu 330, nayo itapitisha miliampea 9. Inatosha.

Nguvu ni volteji mara mkondo, hupimwa kwa wati, na karibu nguvu yote inayoliwa ndani ya chipu hugeuka joto. Tutairudia, kwa sababu joto ndilo linaloua mipango mingi.

Rezista ya kuvuta juu hufungwa kati ya pini na umeme chanya ili pini isibaki ikielea wakati swichi iko wazi. Ya kuvuta chini hufungwa kati ya pini na graundi. Pini inayoelea husoma chochote, hata mkono wako ukipita karibu. Kapasita huhifadhi chaji kidogo. Ile ya nanofaradi 100 unayoiona kando ya kila pini ya umeme ya chipu ipo kwa sababu chipu humeza mkondo kwa mikupuo mifupi ya nanosekunde, na waya mrefu hauwezi kuuleta kwa kasi hiyo. Ikiwekwa sentimita tano mbali na pini, imewekwa bure. Dayodi hupitisha mkondo upande mmoja. Transista, na hasa MOSFET, ni swichi inayowashwa kwa volteji ndogo ili ipitishe mkondo mkubwa.

Hatua ya 1: Lijue gari kabla ya chipu

Wanaoanza hukimbilia kulinganisha kasi na kumbukumbu. Mimi ningeanza na betri, maana ndiyo itakayoamua chipu itaishi au haitaishi.

Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika hupima takriban 12.6. Injini ikinguruma na alteneta ikichaji, utapima kati ya 13.8 na 14.4 au zaidi kidogo. Stata inapozungusha injini, hasa kwenye baridi, volteji hushuka hadi 6 au chini ya hapo kwa muda mfupi. Mtu akiliwasha gari kwa betri ya lori, bodi yako inaona volti 24. Akiunganisha betri kinyume, inaona volteji hasi.

Baya kuliko yote hutokea betri inapochomoka wakati alteneta inachaji kwa nguvu. Uga wa sumaku ndani ya alteneta hauwezi kuzimika papo hapo, na mkondo uliokuwa ukienda kwenye betri sasa hauna pa kwenda, kwa hiyo volteji inapanda. Kiwango cha ISO 16750-2 kinaeleza mpigo huu kwa magari ya volti 12: bila ulinzi ndani ya alteneta, kilele ni kati ya volti 79 na 101, na mpigo unaweza kudumu hadi milisekunde 400. Alteneta yenye ulinzi wa ndani hukata kilele hicho kwenye takriban volti 35. Hata volti 35 ni nyingi mno kwa chipu inayotaka 5.

Kwa hiyo kati ya betri na chipu panahitajika vitu vitatu. Kwanza ni kizuizi cha umeme wa kinyume, dayodi au MOSFET. Pili ni dayodi ya TVS, ambayo hukaa kimya siku zote na kufungua njia kwenda graundi volteji ikizidi. Tatu ni regyuleta ya kushusha volti 12 hadi 5, iliyotengenezwa kuvumilia angalau volti 40 upande wa kuingilia. Chipu iwe nzuri namna gani, haitakusaidia kama ulinzi huu wa mbele ni dhaifu.

Hatua ya 2: Tafuta gredi, kisha isome herufi kwa herufi

Neno "ya gari" kwenye tangazo halitoshi. Unachotafuta ni AEC-Q100, kipimo cha saketi unganifu, yaani chipu, kilichowekwa na Automotive Electronics Council, baraza lililoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Chrysler, Ford na kampuni ya Delco iliyokuwa chini ya General Motors. Dayodi na transista zina AEC-Q101, rezista na kapasita zina AEC-Q200. Bodi yenye chipu ya Q100 iliyozungukwa na kapasita za redio ya mezani bado si bodi ya gari.

Ndani ya AEC-Q100 kuna gredi za joto la mazingira. Zote huanzia nyuzi −40 za Selsiasi. Gredi 3 huishia 85, gredi 2 huishia 105, gredi 1 huishia 125, na gredi 0 hufika 150. Angalia mpangilio: namba ikiwa ndogo, uvumilivu ni mkubwa. Kifaa cha ndani ya kabati la abiria mara nyingi huridhika na gredi 2 au 3. Kilicho chini ya boneti huhitaji gredi 1, na kilichofungwa kwenye injini au giaboksi yenyewe huweza kudai gredi 0. Bodi yetu ya feni inakaa karibu na rejeta, kwa hiyo ni gredi 1 bila mjadala.

Hapa ndipo namba ya oda inapohitaji macho makali. Chukua S32K144 ya NXP, chipu inayotumika sana kujifunzia kazi hizi. Ina kiini cha Arm Cortex-M4F, kilobaiti 512 za kumbukumbu ya flashi, na inakubali volti 2.7 hadi 5.5. Tangazo linasema megahezi 112. Ni kweli, lakini kasi hiyo ni ya hali ya mbio, na hali hiyo inaruhusiwa mwisho wa nyuzi 105. Juu ya hapo unarudi megahezi 80. Ndiyo maana kwenye namba ya oda, FS32K144UAT0VLLT ina U ya megahezi 112 na V ya nyuzi 105, wakati FS32K144HAT0MLLT ina H ya megahezi 80 na M ya nyuzi 125. LL ni umbo la pini 100. Herufi mbili tu zimebadilika, na bodi yetu ya chini ya boneti imepoteza karibu theluthi moja ya kasi iliyoahidiwa.

Na chini ya ukurasa huo huo kuna tanbihi ya maandishi madogo: ukiwa kwenye megahezi 112 huruhusiwi kuandika kwenye EEPROM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukizimwa, wala kutumia moduli ya usimbaji fiche, lazima ushuke kwanza hadi 80. Programu isiyojua hilo itafanya kazi vizuri mezani hadi siku ya kwanza ya kuhifadhi mipangilio. Kwa maoni yangu tanbihi zina thamani kuliko ukurasa ulio juu yake.

Hatua ya 3: Tenganisha jedwali la kufa na jedwali la kuishi

Kila datashiti ina majedwali mawili yanayofanana sura. La kwanza ni la mipaka ya mwisho kabisa. Likisema volti 6, maana yake ni kwamba ukivuka hapo chipu inaweza kuharibika moja kwa moja. Halisemi kwamba ukiwa kwenye 5.9 chipu itafanya kazi. La pili ni la masharti ya kazi, na hilo peke yake ndilo la kubunia.

Ndani ya majedwali utaona safu tatu: cha chini, cha kawaida, cha juu. Safu ya katikati ni ya kupendeza macho. Kwa kawaida ni kipimo cha nyuzi 25 kwa volteji ya wastani, na mtengenezaji hakudhamini kwamba chipu utakayonunua itakuwa hivyo. Hesabu zako zote zifanye kwa safu ya pembeni iliyo mbaya zaidi kwako. Pale ambapo safu ya pembeni iko tupu, mtengenezaji hajakuahidi kitu.

Hatua ya 4: Hesabu joto la ndani

Joto la mazingira si joto la silikoni. Fomula ni fupi: joto la kiungo, yaani la silikoni ndani ya chipu, ni joto la mazingira jumlisha nguvu mara ukinzani wa joto. Ukinzani wa joto huandikwa kwa nyuzi kwa kila wati, na alama yake ni herufi ya Kigiriki theta.

Tuseme chipu inakula miliampea 60 kwa volti 5. Hiyo ni wati 0.3. Ukinzani wake wa joto ukiwa nyuzi 50 kwa wati, ndani panakuwa na joto zaidi ya nje kwa nyuzi 15. Nje kukiwa na 105, ndani ni 120. Chipu nyingi za gredi 1 huruhusu kiungo kufika takriban 150, kwa hiyo hapa tuko salama.

Sasa fanya hesabu ile ile kwa regyuleta ya mstari, aina ya LDO, inayolisha bodi yote miliampea 100. Inapokea volti 14.4 na kutoa 5, kwa hiyo inabaki na 9.4 za kuchoma. Zidisha kwa 0.1, unapata wati 0.94. Ukinzani wake wa joto ukiwa 60, inapanda nyuzi 56 juu ya mazingira. Mazingira yakiwa 85, kiungo kiko 141. Yakiwa 105, kiko 161 na regyuleta inajizima. Maikrokontrola haikuwa na kosa lolote, lakini bodi imekufa. Hapo unachagua regyuleta ya aina ya baki (kwa Kiingereza buck), inayokata umeme kwa kasi badala ya kuuchoma, au unapunguza mkondo.

Namba ya theta nayo ina sharti lake. Hupimwa kwenye bodi ya majaribio ya JEDEC, shirika la viwango vya elektroniki, mara nyingi yenye tabaka nne za shaba. Bodi yako ya tabaka mbili nyembamba itakuwa moto zaidi ya hesabu.

Hatua ya 5: Pini, mlango ambao uharibifu huingilia

Anza na mkondo. Maikrokontrola ya ATmega328P, ambayo nayo ina toleo la magari, huweka mpaka wa mwisho wa miliampea 40 kwa pini moja na 200 kwa pini za umeme za chipu nzima. Kumbuka hatua ya 3: hiyo ni mipaka ya kufa. Jambo la pili linalosahaulika ni kwamba jumla ina mpaka wake. Pini kumi zikitoa 20 kila moja, tayari umefika.

Relei ya gari yenye koili ya omu 85 inavuta miliampea 141 kwa volti 12, na 169 kwa volti 14.4. Pini haiwezi, kwa hiyo tunaweka MOSFET ya aina ya N kati ya koili na graundi. Mambo matatu hapa hayana hiari. MOSFET iwe imethibitishwa kuwaka kwa volti 4.5 kwenye geti, mguu wa kuiwashia, si kwa 10. Namba hiyo itafute kwenye masharti ya ukinzani wake wa kuwaka. Koili iwe na dayodi sambamba nayo, imeelekezwa kinyume na umeme wa kawaida, kwa sababu ukikata mkondo wa koili ghafla, koili huzua mpigo wa volteji utakaoitoboa transista. Na geti iwe na rezista ya kuvuta chini, kiloomu 10 hadi 100. Chipu inapowashwa, pini zake karibu zote huanza zikiwa za kuingiza, yaani zinaelea, na bila rezista hiyo feni inaweza kuwaka kabla programu haijaanza kusoma mstari wa kwanza.

Kisha angalia viwango vya juu na chini. Chipu nyingi husema pini husomeka juu ikiwa volteji imefika asilimia 70 ya umeme wake. Kwa volti 5 hiyo ni 3.5. Sensa inayotoa volti 3.3 haijafika. Mezani itasomeka, kwa kuwa kizingiti halisi kiko katikati, lakini hakuna aliyekudhamini kwamba itasomeka kwenye baridi au kwenye joto. Hiyo ni sababu moja ya chipu nyingi za gari kubaki kwenye volti 5 wakati ulimwengu mwingine ulihamia 3.3: nafasi ya kuvumilia kelele za umeme ni kubwa zaidi.

Sasa tupime betri. ADC, sehemu ya chipu inayogeuza volteji kuwa namba, ikiwa ya biti 12 inagawa volti 5 kwa vipande 4096, kila kimoja milivolti 1.22. Volti 14 haziwezi kuingia humo moja kwa moja, kwa hiyo tunatumia kigawanya volteji: rezista ya kiloomu 33 kutoka betri hadi pini, na ya kiloomu 10 kutoka pini hadi graundi. Pini inaona 10 kwa 43 ya betri. Volti 14.4 zinakuwa 3.35, na kipimo kinafika hadi volti 21.5.

Mpigo wa volti 35 ukija? Kigawanya kingetoa 8.1 kwenye pini. Hapa ndipo inapofaa kufungua jedwali la mkondo wa kusukumwa ndani ya pini. Dayodi za ulinzi zilizo ndani ya chipu zitaishika pini karibu na volti 5.5, na mkondo utakaopita ni tofauti hiyo ya 2.6 ikigawanywa kwa ukinzani wa rezista mbili zikiwa sambamba, kiloomu 7.7. Jibu ni miliampea 0.34. Datashiti nyingi za gari huruhusu miliampea chache, kwa hiyo rezista zenyewe zimetuokoa. Zingekuwa za omu 330 na 100, mkondo ungekuwa miliampea 34 na habari ingekuwa nyingine.

Usihadaike na biti 12. Rezista zenye kosa la asilimia 1, zikikosea pande tofauti, zinapotosha kipimo kwa asilimia 1.5, yaani volti 0.22 kwenye 14.4. Hiyo ni zaidi ya vipande 40 vya ADC. Nunua rezista za asilimia 0.1, au sawazisha kila bodi kwa multimita unayoiamini na uhifadhi namba ya kurekebisha. Weka pia kapasita ya nanofaradi 100 pale kwenye pini. ADC hunyonya chaji kidogo kila inapopima, na kapasita ndiyo itakayoitoa bila kuyumba.

Hatua ya 6: Kumbukumbu

Ukubwa unasomeka kirahisi. Cha kutafuta ni uvumilivu wa kuandikwa, na kama kuna ECC. ECC ni biti za ziada zinazoiwezesha chipu kusahihisha biti moja iliyogeuka na kugundua mbili. Kwenye chipu nyingi zenye ECC kwenye RAM, lazima programu iandike RAM yote mara baada ya umeme kuwaka, la sivyo usomaji wa kwanza unaonekana kama kosa.

Kuhusu uvumilivu, hesabu moja inatosha kutia adabu. Eneo lenye uhai wa maandishi 100,000, likiandikwa mara moja kwa sekunde, linakwisha ndani ya saa 28. Anayehifadhi kilomita za gari huandika kwa kuzungusha maeneo, au huandika wakati gari linazimwa tu, akiwa na kapasita kubwa ya kushikilia umeme hadi amalize.

Hatua ya 7: Saa na CAN

CAN ilianza kutengenezwa Bosch mwaka 1983 na kutangazwa 1986. Toleo la kawaida linafika megabiti 1 kwa sekunde na baiti 8 kwa ujumbe. CAN FD hubeba hadi baiti 64. Datashiti ikisema chipu ina CAN, maana yake ni kwamba ina kidhibiti cha ujumbe tu. Chipu ya pili, transiva, ndiyo inayogeuza ishara ya pini kuwa waya mbili za CAN. Waya zikipumzika, zote ziko karibu volti 2.5, zikituma, moja inapanda hadi karibu 3.5 na nyingine inashuka hadi 1.5. Kila mwisho wa njia una rezista ya omu 120. Umeme ukiwa umezimwa, pima kati ya waya hizo mbili: omu 60 ni sawa, 120 inamaanisha ncha moja imekosekana.

Osileta, yaani saa, ya ndani ya chipu huhama kwa joto, na CAN haisamehi sana. Weka kristali ya nje iwe saa. LIN, njia nyingine ya mawasiliano ya gari, ya waya mmoja na kilobiti 20 kwa sekunde, ni mvumilivu zaidi na inafaa kwa vioo na swichi.

Hatua ya 8: Usalama

ISO 26262, kiwango cha usalama wa mifumo ya umeme ya magari kilichotoka 2011 na kuhuishwa 2018, hupanga hatari kwa ngazi ziitwazo ASIL, kuanzia A hadi D. D ndiyo kali kuliko zote, ya vitu kama breki na usukani. Usiichanganye na AEC-Q100: Q100 inauliza kama chipu itadumu, ISO 26262 inauliza nini kitatokea ikikosea. Chipu iliyoandikwa "inafaa kwa ASIL D" haikifanyi kifaa chako kuwa ASIL D.

Maneno utakayoyaona ni haya. Viini sanjari ni viini viwili vinavyotekeleza amri zile zile, na kilinganishi kinachopiga kelele vikitofautiana. Saa mlinzi, mafundi wengi huiita wochidogi, huiwasha upya chipu kama programu haijaripoti kwa wakati. Ile ya dirisha hukataa pia ripoti iliyowahi. Kigunduzi cha volteji ndogo huishikilia chipu isifanye kazi umeme ukishuka chini ya kizingiti, na kwa bodi inayopitia mitikisiko ya stata, hicho ndicho ningekihakiki kabla ya vingine vyote.

Hatua ya 9: Mkondo wa kulala

Gari lililoegeshwa bado linalisha bodi. Bodi inayokula miliampea 20 usiku na mchana humaliza ampea-saa 14.4 kwa siku 30, karibu robo ya betri ya ampea-saa 60. Ndiyo maana watengenezaji wa magari hudai mikroampea.

Datashiti itakuonyesha mikroampea makumi kwa nyuzi 25. Shuka mstari wa nyuzi 125 uone: mvujo wa silikoni hupanda vikali kwa joto, na namba inaweza kuwa mara kumi au zaidi. Kisha hesabu vilivyo nje ya chipu. Kigawanya chetu cha kiloomu 43 kinavuta mikroampea 293 kutoka betri ya 12.6, mfululizo, huenda mara kadhaa ya chipu yenyewe ikiwa imelala. Kikate kwa transista wakati hakipimi. Regyuleta na transiva nazo zina mikondo yao ya kulala, jumlisha zote.

Hatua ya 10: Karatasi ya makosa, kisha meza ya majaribio

Kabla ya kuagiza, pakua karatasi ya makosa ya chipu hiyo. Ni orodha ya kasoro anazozijua mtengenezaji mwenyewe, na kila kasoro ina toleo la silikoni inalolihusu. Linganisha na alama iliyochapwa mgongoni mwa chipu uliyonayo, si na datashiti mpya zaidi mtandaoni.

Bodi ikishakuwa mkononi, tumia umeme wa maabara unaoweza kurekebishwa. Shusha volteji polepole kutoka 14 hadi 0, kisha uipandishe polepole vile vile, huku ukiangalia pini ya relei kwa osiloskopu. Rudia ukishusha ghafla hadi 6 na kurudisha 12 baada ya nusu sekunde. Relei isibofye bila amri hata mara moja. Ikibofya, rudi kwenye rezista ya geti na kizingiti cha kigunduzi cha volteji ndogo, kabla hujagusa programu.